Consolata: Picha ya karne ya 15 na maana ya faraja Kaskazini Mashariki

KANISA Kuu la Kikatoliki mjini Garissa linaitwa kwa jina la Mama wa Faraja. Jumapili ya Julai 1, 2012, waumini wakiwa katika ibada ya asubuhi, washambuliaji walilirushia kanisa hilo guruneti. Wakati uo huo wenzao walilivamia kanisa la AIC mjini humo kwa guruneti na risasi. Watu wasiopungua 15 waliuawa, takribani wote katika kanisa la AIC, na makumi wakajeruhiwa katika makanisa hayo mawili.

Tangu siku hiyo, mtu akilitaja jina la kanisa kuu la Garissa huwa kana kwamba anauliza swali: faraja ni nini, na humfikia mtu kwa njia gani? Swali hilo ni la kale kuliko mji wenyewe. Katika mapokeo ya Kikatoliki limebebwa kwa karne kadhaa na picha moja iliyochorwa nchini Italia mwishoni mwa karne ya 15, nayo ndiyo picha ya Bikira Maria Consolata. Jina lake lilifika Kenya mwaka wa 1902 na leo linatajwa kuanzia Nyeri hadi Nairobi, na kuanzia Meru hadi Marsabit.

Makala haya yanaeleza asili ya picha hiyo, maana ya alama zake, na jinsi wazo lililomo ndani yake lilivyojaribiwa katika nchi kame ya Kaskazini Mashariki.

JINA NA SARUFI YAKE

Consolata ni neno la Kiitaliano lenye asili ya Kilatini. Wengi hulitafsiri kuwa 'Mfariji', na tafsiri hiyo haipingani na mafundisho ya Kanisa, kwani katika Litania ya Loreto Maria huitwa Mfariji wa wenye huzuni. Hata hivyo, kisarufi neno hilo limo katika kauli ya kutendwa. Maana yake halisi ni 'aliyefarijiwa'.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua tofauti hiyo bila taabu. Kufariji ni kutenda, kufarijiwa ni kutendewa, na kinachotenganisha mawili hayo ni kiambishi cha kutendwa. Watu wa jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, walikokulia wamisionari wa kwanza wa Consolata, huliita jina hilo kwa lahaja yao La Consolà, nalo pia ni la kutendwa.

Wanateolojia wamelieleza jambo hilo kwa kurejelea mafundisho ya Mtume Paulo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya kwanza: kwamba Mungu humfariji mtu katika dhiki yake ili naye apate uwezo wa kuwafariji wengine walio katika dhiki. Kwa hiyo Maria anaitwa Consolata kwanza kwa sababu yeye mwenyewe alihuzunika kisha akafarijiwa. Uwezo wake wa kufariji unatokana na hapo.

Yafaa kutaja pia kwamba cheo cha Mama wa Faraja kina tawi jingine. Watawa wa Shirika la Mtakatifu Agostino wana mapokeo yao wenyewe yanayohusisha cheo hicho na mshipi wa kitawa, na mapokeo hayo yameenea sana, kisiwani Malta yakiwemo. Matawi hayo mawili yana historia tofauti, lakini shina la neno ni moja.

MCHORAJI NA NAKALA YAKE

Picha ya Consolata imewekwa katika hekalu lenye jina hilo mjini Turin, mji mkuu wa Piemonte. Wataalamu wa sanaa huihusisha na mchoraji Antonio Aquili, anayejulikana zaidi kwa jina la Antoniazzo Romano, yaani Antoniazzo wa Roma. Alizaliwa karibu na mwaka wa 1430 na kufariki mwanzoni mwa karne ya 16. Alifanya kazi Roma katika enzi ya Renesansi, ule mwamko mpya wa elimu na sanaa barani Ulaya, na alishirikiana na wachoraji mashuhuri kama Melozzo da Forlì na Domenico Ghirlandaio katika kupamba maktaba ya Papa.

Hiyo ilikuwa enzi ambamo wachoraji wa Italia walikuwa wakishindana kuuonyesha mwili wa binadamu kama ulivyo, pamoja na nuru, kivuli na umbali wa vitu. Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho mjini Milan, si mbali sana na Turin, katika miaka ya 1490. Picha ya Consolata ilifuata njia nyingine. Ni nakala ya picha ya kale zaidi, na ilikusudiwa kuwa nakala tangu mwanzo.

Picha iliyonakiliwa ni ile iliyo juu ya altare kuu ya kanisa la Santa Maria del Popolo, Roma. Hiyo ni ikoni ya karne ya 13 ambayo waumini wa zamani waliamini kuwa ilichorwa na Mwinjili Luka mwenyewe. Kwa imani hiyo, nakala iliyofuata kila mstari wa picha ya kwanza ilihesabiwa kuwa na heshima yake, na mchoraji aliyeongeza mambo yake alikuwa ameiharibu. Antoniazzo alipata sifa kubwa kwa ustadi wa kunakili ikoni za namna hiyo.

Ukarabati uliofanyiwa picha ya Turin katika karne ya 20 ulidhihirisha maandishi ya Kilatini yanayomtaja 'Mtakatifu Maria wa Popolo wa Mji', yaani wa Roma. Maandishi hayo yaliondoa shaka kuhusu chanzo cha picha. Inadhaniwa kuwa aliyeipeleka Turin ni Kadinali Domenico della Rovere, aliyekuwa askofu wa mji huo kuanzia mwaka wa 1482 na ambaye ndiye aliyejenga kanisa kuu la Turin katika miaka ya 1490. Kadinali huyo alikuwa na kikanisa chake ndani ya Santa Maria del Popolo, na kwa hiyo aliijua vyema picha ya Roma.

MASIMULIZI YA KIPOFU

Watu wa Turin wana masimulizi ya kale zaidi. Yanaeleza kuwa katika karne ya nne Mtakatifu Eusebio wa Vercelli alirejea kutoka Mashariki na picha ya Maria, ikawekwa mjini Turin, kisha kwa vita na uharibifu ikapotea chini ya vifusi vya kanisa la Mtakatifu Andrea. Mwaka wa 1104 kipofu mmoja kutoka Briançon, ng'ambo ya milima ya Alpi, aliota kwamba picha hiyo imelala mahali hapo. Alisafiri hadi Turin, watu wakachimba, picha ikapatikana Juni 20, na kipofu akapata kuona. Ndiyo sababu sikukuu ya Consolata huadhimishwa Juni 20 kila mwaka.

Picha iliyopo leo haiwezi kuwa ile ya masimulizi, kwa maana imekuja karibu karne nne baada ya mwaka wa 1104. Lakini masimulizi yana uzito wake. Aliyeiona picha kwanza ni mtu asiyeona, mgeni kutoka nchi nyingine, na alipoufikia mji ilimbidi awaombe wenyeji wamchimbie. Faraja yake ilipitia mikononi mwa watu wengine.

Baadaye mji mzima uliikimbilia picha hiyo nyakati za msiba. Majeshi ya Ufaransa yalipouzingira mji wa Turin mwaka wa 1706, wakazi waliomba mbele yake, na baada ya mzingiro kuvunjwa Septemba 7 mwaka huo, nguzo ndogo za mawe zenye sura ya Consolata na tarakimu 1706 zilisimamishwa kuzunguka eneo la mapigano. Baadhi ya nguzo hizo zingalipo. Ugonjwa wa kipindupindu ulipotisha mwaka wa 1835, baraza la mji liliweka nadhiri, na mnara wenye sanamu ya Maria ukajengwa karibu na hekalu.

KUISOMA PICHA

Ikoni huchorwa ili isomwe, na kila sehemu yake ina kazi. Picha ya Consolata imo katika kundi ambalo Wagiriki waliliita Hodegetria, maana yake 'Mwonyesha Njia'. Katika picha za kundi hili, Maria humbeba Mtoto mkononi, na mkono wake mwingine hulielekeza jicho la mtazamaji kwa Mtoto huyo. Mama anaonyesha njia, na njia yenyewe ni Mtoto.

Mtoto hana sura ya kitoto. Amevaa kama mtu mzima na ameinua mkono wa kuume kubariki. Katika mapokeo ya ikoni, vidole viwili vinavyoinuliwa huashiria imani ya Wakristo kwamba Kristo ana hali mbili, ya Mungu na ya binadamu.

Mavazi nayo yana lugha yake. Joho la buluu iliyokolea, linalomfunika Maria kichwa na mabega, huashiria mbingu na siri ya Mungu. Nguo nyekundu iliyo chini ya joho huashiria damu na ubinadamu. Nyota inayochorwa begani katika ikoni za aina hii ni alama ya ubikira. Rangi ya dhahabu inayomzunguka huondoa dalili zote za mahali na saa: hakuna chumba, mlima wala kivuli cha jua, kwa sababu walioonyeshwa wanahesabiwa kuwa nje ya wakati.

Uso wa Maria haucheki wala haulii. Hilo limezungumzwa sana na wanaoitafsiri picha hii. Mwanamke huyu anajua kwamba mtoto aliyempakata atauawa, na bado anamwonyesha kwa watu. Mchoraji angeweza kuonyesha uchungu au furaha, lakini ikoni inadai utulivu wa mtu aliyekwisha kupita pande zote mbili. Hapo ndipo picha na jina vinapokutana, katika sura ya aliyefarijiwa.

KUTOKA TURIN HADI TUTHU

Padri Giuseppe Allamano alikuwa msimamizi wa hekalu la Consolata kwa miaka zaidi ya 45, kuanzia mwaka wa 1880 hadi alipofariki Februari 16, 1926. Mwaka wa 1901 alianzisha shirika la wamisionari aliloliita kwa jina la picha hiyo, na mwaka wa 1910 akaanzisha shirika la masista. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Alitangazwa mtakatifu na Papa Fransisko Oktoba 20, 2024.

Wamisionari wake wa kwanza, mapadri wawili na mabruda wawili, walifika Tuthu katika eneo la Murang'a mwishoni mwa Juni 1902 na kupokewa na Chifu Karuri wa Gakure. Kutoka hapo kazi ilienea Nyeri, ambako kanisa kuu lina jina la Consolata, kisha Meru, na baadaye Marsabit.

Miongoni mwa masista waliofuata alikuwa Irene Stefani, aliyewahudumia wapagazi Waafrika waliougua na kujeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi. Alifariki Gikondi, Nyeri, Oktoba 1930. Wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri Mei 23, 2015.

KATIKA NCHI YA MARYAN

Eneo la Kanisa Katoliki la Garissa liliundwa mwaka wa 1976 kutoka kwa majimbo ya Meru na Mombasa, na kupandishwa hadhi kuwa dayosisi mwaka wa 1984. Linajumuisha kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Maaskofu wake wawili wa kwanza, Paul Darmanin na Joseph Alessandro, walikuwa Wakapuchini kutoka Malta. Mwaka wa 2022 George Muthaka, Mkapuchini pia, aliteuliwa kuwa askofu Mkenya wa kwanza wa dayosisi hiyo.

Hapa picha ya Consolata inakutana na jirani asiyechora picha za ibada. Idadi kubwa ya wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera ni Wasomali na ni Waislamu, na Uislamu hauruhusu watu na manabii kuchorwa kwa ajili ya kuabudiwa. Hata hivyo, anayeonyeshwa katika picha hiyo si mgeni kwao. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina lake, Maryam, na inasimulia uchungu wake wa kuzaa akiwa peke yake chini ya mtende, hata akatamani kufa, kisha ikamjia sauti ya kumwambia asihuzunike, na akapewa maji na tende mbivu. Katika Kurani pia, Maryam ni mwanamke aliyefarijiwa. Wasichana wengi wa Kisomali huitwa Maryan kwa ajili yake.

Hakuna haja ya kuzificha tofauti za imani hizo mbili. Kwa Wakristo mtoto aliye katika picha ni Mwana wa Mungu; kwa Waislamu ni Nabii Isa. Lakini kuhusu mama aliyehuzunika na kutulizwa, mapokeo yote mawili yana kisa cha kusimulia.

FARAJA ILIPOJARIBIWA

Historia ya karibuni ya Kaskazini Mashariki ina watu walioitimiza maana ya picha hiyo, baadhi yao wakiwa hawajawahi kuiona.

Annalena Tonelli, mwanasheria kutoka Forlì, Italia, alifika Kenya mwaka wa 1969 na kuishi Wajir kwa miaka mingi. Hakuwa mtawa. Aliwatibu wagonjwa wa kifua kikuu wakati ambapo ilidhaniwa kuwa wafugaji wanaohamahama hawawezi kukamilisha dawa. Kuanzia mwaka wa 1976, wagonjwa walijenga makazi yao karibu na kituo chake, wakasimamiwa wakimeza dawa kila siku, na kumaliza matibabu kwa miezi sita badala ya mwaka na zaidi. Februari 1984, baada ya mauaji ya wanaume wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, alikuwa miongoni mwa waliokusanya maiti, kuwauguza manusura na kuupasha ulimwengu habari. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Mwaka wa 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, na Oktoba 5 mwaka huo huo akauawa kwa risasi Borama, kaskazini mwa Somalia.

Leonella Sgorbati, Sista wa Consolata, alifundisha wauguzi Nkubu, Meru, kabla ya kwenda kuanzisha mafunzo kama hayo Mogadishu. Septemba 17, 2006 alipigwa risasi akitoka hospitalini. Mlinzi wake, Mohamed Mahmud, Mwislamu, alikufa akijaribu kumwokoa. Wenzake walieleza kuwa maneno ya mwisho ya Sista Leonella yalikuwa ya kusamehe. Alitangazwa mwenye heri Mei 26, 2018.

Baada ya mashambulizi ya makanisa ya Garissa mwaka wa 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao wangeyalinda makanisa wakati wa ibada. Aliyetoa tangazo hilo alikuwa Adan Wachu, katibu mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya. Halikuzuia msiba uliofuata. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, ambayo ilikuwa Alhamisi Kuu katika kalenda ya Wakristo, wanamgambo wa Al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi, baada ya kuwatenga Wakristo na Waislamu.

Lakini Desemba 21 mwaka huo huo, basi la abiria waliokuwa wakielekea Mandera liliposimamishwa na wanamgambo, abiria Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio ya kujifunika. Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipigwa risasi kwa kukataa na akafariki Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na filamu fupi ya Watu Wote, iliyotengenezwa kutokana na kisa hicho, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka wa 2018.

Joho la Maria katika picha ya Turin huelezwa na Wakatoliki kuwa kivuli cha ulinzi kwa wanaomkimbilia. Ndani ya basi lile, mtandio wa kawaida wa mwanamke wa Mandera ulifanya kazi hiyo, na wenye mitandio hiyo hawakuwa waumini wa picha yoyote.

NAKALA ISIYO NA AIBU

Antoniazzo Romano hakudai kwamba picha aliyoichora ilikuwa yake. Aliipokea kutoka kwa aliyemtangulia, akaitunza, na kumpa mwingine. Kwa Wakatoliki, hiyo pia ndiyo njia ya faraja: mtu huipokea akiwa na huzuni, kisha huifikisha kwa mwenzake.

Kwa familia zilizozika watoto wao mwaka wa 2015, kwa manusura wa Wagalla ambao Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasikiliza kabla ya kutoa ripoti yake mwaka wa 2013, na kwa jamaa za waliouawa katika mashambulizi ya Mandera na Garissa, faraja haitoki katika rangi na dhahabu pekee. Wengi wao wanadai haki pia, na hakuna ikoni inayoweza kuchukua nafasi ya haki. Linaloelezwa na picha ya Turin ni jambo dogo zaidi: kwamba anayefaa kumfariji mwenye msiba ni yule ambaye naye amewahi kufarijiwa. Katika kaunti za Kaskazini Mashariki, watu wa namna hiyo si wachache, misikitini na makanisani.